Mke Asiyeteleza, Kaka Mwenye Swichi

Mpaka leo hapa Yeoville, mtaa wetu wa Johannesburg, kuna watu wakiniona sokoni wananyoosha mikono mbele kama mtu anayeanguka, wanapiga kelele "Yaya, zima!", halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Siwakatazi. Nimeamua kuieleza habari hii mwenyewe, kwa sababu ile inayozunguka mtaani imeongezwa chumvi (eti nilipasua suruali mbele ya umati wa watalii, hawakuwa umati, ingawa suruali kweli ilipasuka), na kwa sababu aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Ninaanzia kwa kaka yangu. Sisi ni watu wa Uvira, na kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Yaya Déo alitangulia kuja Johannesburg, akanipokea, akanitafutia cherehani yangu ya kwanza, na yeye mwenyewe akapata kazi ya usafi mahali fulani kaskazini mwa jiji ambapo watu wenye nafasi hujifunza ski, ule mchezo wa kuteleza mlimani kwa mbao za miguuni, bila theluji. Msicheke, pako kweli. Kuna zulia refu jeupe lililoinama kama paa la nyumba, na mashine inalizungusha kuelekea juu. Wewe unavaa viatu vigumu, unafungwa mbao, unateleza kwenda chini huku zulia linakurudisha juu, kwa hiyo unateleza mpaka jasho linakutoka na hujaenda popote. Kazi ya yaya ilikuwa kulilowesha hilo zulia na kulisafisha. Mwenye mahali alimpenda, akamruhusu naye ajaribu wateja wakishaondoka, na yaya hakuwa mtu wa kufurahia jambo peke yake. Mwaka mzima, kila Jumapili baada ya ibada, alinichukua, akanifunga mbao, akaenda kusimama kwenye swichi. "Kunja magoti kidogo," aliniambia. "Angalia mbele, usiangalie miguu. Ukichoka, sema." Nikichoka nilisema, "Yaya, zima!" Naye akazima, zulia likatulia, nami nikashuka salama kama mtu anayeshuka kitandani.

Ikumbukeni hiyo swichi, maana tutarudi kwayo.

Hakuna kati yetu aliyewahi kugusa theluji. Yaya alipenda kusema kwamba siku moja tutapanda mlima wa kweli, tutateremka kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa tukiwa wima, halafu tutakunywa chai. Kisha ugonjwa wa figo ukamshinda, tukamzika wakati wa mvua. Kwenye maziko sikulia. Sijui kwa nini. Wanaume wenzangu walilia, mke wangu alilia mpaka sauti ikamkauka, na akina mama wa kanisa walikaa karibu yangu kwenye mkeka siku zote za kilio wakiningojea, kwa sababu kwetu mfiwa asiyelia anaogopwa kuliko yule anayejitupa chini. Mimi nilikuwa nashona. Nilishona sare za kitenge za kilio, za familia na za kwaya, na zilipokwisha nikashona mapazia ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza.

Baridi ilipoanza, na siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza maombolezo, ilipokaribia, nilimwambia mke wangu kwamba kabla ya siku hiyo nitakwenda kuteremka mlima wa theluji kwa ajili ya yaya, kutoka juu mpaka chini, nikiwa wima. Sikuomba ruhusa. Nilisema tu, nikaendelea kula.

Mama Gloire (binti yetu wa kwanza ndiye Gloire) aliweka kijiko chini.

"Na mimi?"

"Twende wote."

"Nikafanye nini? Mimi hata sakafu iliyopigwa deki inaniangusha."

"Utakuwa unaniangalia."

"Baba Gloire, tangu yaya afe ninakuangalia. Miezi yote hii ninakuangalia tu, husemi kitu. Sasa unataka nikakuangalie kwenye baridi?"

Ilikuwa kweli. Baadaye alisema atakuja, lakini nimtafutie mahali ambapo mtu asiyeteleza naye anahesabiwa kuwa mtu: pawe na moto, pawe na choo cha karibu, na pawe na mtu wa kuongea naye, asije akakaa peke yake kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa stendi. Nikaona ni haki yake. Mlima bila yeye nisingeutaka.

Gloire, ambaye Kiswahili chetu anakielewa lakini hujibu kwa lugha za shuleni, alitutafutia kwenye simu yake. Mahali pa kwanza palikuwa pazuri kuliko pote, ila pako Lesotho, na karatasi zetu za ukimbizi hazituruhusu kuvuka mpaka na kurudi. Tukapaacha. Pa pili nilipiga simu mwenyewe, nikauliza kama wana chochote kwa mtu asiyeteleza, na mama aliyepokea akajibu kwa furaha kwamba kuna chumba cha kukandwa mwili kwa mafuta ya moto. Nikamgeukia mke wangu nikamweleza.

"Kukandwa na nani?" akauliza.

"Na mtu wao."

"Mtu gani?"

Nikauliza kwenye simu. "Anasema anaitwa Stefan."

"Kata simu," alisema Mama Gloire. "Mimi nina kilio, nikakandwe na Stefan?"

Gloire alicheka mpaka akaanguka kwenye kochi. "Eish, Papa!" Lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimeamua, na mtu aliyeamua hana nafasi ya Stefan.

Pa tatu palikuwa shamba la kondoo huko milimani, upande huu wa mpaka, ambapo mwenye shamba hutengeneza theluji kwa mashine kwenye mteremko mmoja. Nikauliza moto, akasema upo. Choo? Hatua chache tu. Viti? Vipo, vimepangwa chini kabisa mwa mteremko, anayekaa pale anaona kila kitu. Nilipouliza habari ya mtu wa kuongea naye, alicheka, akasema huyo nije naye mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipochukua uamuzi mdogo ulionifikisha kwenye kicheko cha soko zima. Nilikwenda kwa Mama Pasteur, mke wa mchungaji wetu, ambaye ndiye kiongozi wa akina mama, nikamwomba mtu mmoja tu wa kukaa na mke wangu.

"Mama, tunakwenda kwenye milima ya theluji," nilimwambia. "Yaya alitamani sana kufika kule, hakujaliwa. Ninaomba mama mmoja wa kumsindikiza Mama Gloire, asikae peke yake."

Akaniangalia. "Kwa ajili ya marehemu?"

"Kwa ajili ya marehemu."

"Kabla ya kuondoa kilio?"

"Ndiyo, mama."

"Tumesikia, mwanangu. Nenda ukapumzike."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Habari za mbao za miguuni ndizo nilizoziacha, kwa sababu niliona aibu mtu mzima mwenye msiba kusema anakwenda kucheza. Sikudanganya. Nilifupisha. Lakini watu wetu mnawajua: mfiwa akisema anakwenda mahali kwa ajili ya marehemu wake, hawamwulizi anakwenda kufanya nini, wanauliza tu tunaondoka saa ngapi.

Jumamosi asubuhi, tulipotoka nyumbani na mkoba wetu mmoja, kombi ya kanisa ilikuwa mlangoni imewashwa, na ndani yake akina mama walikuwa wamejaa mpaka nyuma, wote wamevaa sare za kilio nilizozishona kwa mikono yangu, wana mikeka, wana masufuria, wana maharage yaliyochemshwa tayari, na Mama Pasteur amekaa mbele na mwavuli. Mke wangu alisimama barabarani akawatazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona kitu ambacho sikukiona tangu msiba: anajizuia kucheka.

"Nilikuomba mtu wa kuongea naye," alisema. "Naona umempata."

Pale pale ningeweza kusema kila kitu. Nilifungua mdomo, dereva akapiga honi, nikaingia. Njia nzima waliimba nyimbo za maziko na mimi nilitafuta maneno, lakini kila nilipoyapata wimbo mwingine ulianza, na huwezi kumkatiza mtu anayemwimbia ndugu yako.

Kule milima yote ilikuwa ya kahawia, nyasi zimekauka, na katikati palikuwa na utepe mmoja mweupe kama shuka lililoanikwa. Nilipouona, miguu ilitaka kwenda. Akina mama walitandika mikeka chini ya mteremko kando ya viti, wakasogeza masufuria kwenye moto wa wenyewe, wakamkalisha mke wangu kwenye kiti katikati yao na blanketi mabegani, na kwa muda nilifikiri kwamba nimechagua vizuri kuliko mume yeyote aliyewahi kuchagua mahali pa ski. Moto ulikuwepo. Choo kilikuwepo. Watu wa kuongea nao walikuwa wengi.

Nikaenda kuazima vifaa. Ili kurudi mteremkoni ilinibidi nipite mbele yao na mbao begani.

"Baba Gloire," Mama Pasteur aliita, "hizo mbao ni za msalaba?"

"Hapana, mama. Ni za miguuni."

"Za miguuni kufanya nini?"

Nikaongeza mwendo (kwa viatu vile mtu haongezi mwendo, anapiga hatua kama kuku aliyefungwa kamba) mpaka nikafika kwenye kamba ya umeme inayovuta watu juu. Pale alikuwepo mwalimu, dada wa Kisotho, jina lake Lerato. "Ntate, umewahi kuteleza?" akaniuliza, akiniita baba kwa lugha yao. Nikamjibu kwamba nimeteleza mwaka mzima, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Aliona ninavyokunja magoti, akaridhika, akanipisha.

Niliposimama juu kabisa nilisema, "Haya, yaya," nikajiachia.

Mwanzo ulikuwa mtamu, sitaficha. Magoti yalijua kazi, macho yalikuwa mbele, na kulikuwa na upepo! Kwenye zulia hakuna upepo. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuteleza nilikuwa ninakwenda mahali. Halafu nikaona mahali penyewe panakuja kwa kasi kubwa mno, viti, mikeka, masufuria, Mama Pasteur na mwavuli wake, na ndipo nilipogundua kwamba sijui kufunga breki. Sijawahi kujifunza. Kwenye zulia breki haikuwa kazi yangu, ilikuwa kazi ya mtu wa swichi. Na mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea.

"Yaya, zima!" nilipiga kelele. "Yaya! Yaya, zima!"

Sasa jiwekeni mahali pa akina mama. Mfiwa ambaye hakutoa chozi tangu maziko, mtu mliyekaa naye kwenye mkeka mkimwombea alie, ghafla anamwita ndugu yake aliyekufa kwa sauti inayogonga mlima na kurudi, kisha anajitupa chini na kubingirika. Kwetu mfiwa akijitupa chini anashikwa mara moja, asijiumize. Hiyo ndiyo kazi ya akina mama, na hakukuwa na wakati walioungojea kuliko huo. Wakainuka wote. Wakapiga yowe moja. Wakaupanda mteremko kunijia, na sare zao, na kandambili zilizovaliwa juu ya soksi.

Aliyetangulia aliteleza, wa pili akamshika wa kwanza, wa tatu akamshika wa pili, na wote wakashuka kama nguo zilizokatika kamba, wakachukua na uzio wa wanaojifunza, wakachukua vigari vya watoto vya kutelezea, wakamchukua mzee mmoja aliyekuwa amesimama na kahawa yake hana habari na mtu. Kamba ya umeme ilizimwa. Watu walibaki wameishikilia katikati ya mlima wakitutazama. Vijana wawili walikuja mbio na machela, wakashindwa kujua waanze na nani.

Mama Pasteur peke yake alinifikia, kwa kutambaa. Akanikumbatia kichwa.

"Lia, mwanangu! Lia! Tumekuja!"

"Mama, sijalia. Nimeanguka."

"Ndiyo, umeanguka. Sasa lia!"

"Mama, suruali imepasuka."

Akatazama. Suruali ile niliishona mwenyewe kwa kitambaa cha makoti ya mvua kutoka Fordsburg, ndani nikaweka blanketi, nikajivunia mno, lakini niliijaribu nikiwa nimesimama tu, wakati kila siku huwaambia wateja wangu wachuchumae kwanza. Ilikuwa imefunguka nyuma kutoka mshono mpaka mshono. Mama Pasteur alifungua kitenge chake cha juu akakitupa mgongoni kwangu. "Mfunikeni mfiwa!" alisema kwa sauti kubwa, na kama kuna mtu mteremkoni ambaye hakuwa ametazama bado, hapo alitazama.

Walitushusha sote mpaka chini. Mwenye shamba alifika akiwa mwekundu kwa hasira, akasema kundi letu lote likae mbali na theluji na ikiwezekana litafute njia ya Johannesburg. Nilikaa kwenye mkeka, kitenge kiunoni, nikitamani ardhi inifunike. Na hapo ndipo nilipomwona mke wangu. Hakuwa amekimbia. Katika wote, yeye peke yake alibaki kwenye kiti.

Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Ulikuwa unatafuta swichi," alisema kwa sauti ya chini.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilimsimulia habari za zile Jumapili mara moja tu, zamani, wala sikujua kwamba aliziweka moyoni. Ndipo nikawaeleza akina mama yote bila kufupisha: zulia, maji, swichi, mlima, wima mpaka chini. Walinisikiliza huku wakijikung'uta theluji.

"Yaani," alisema Mama Pasteur polepole, "tumetoka Johannesburg mpaka huku kukutazama ukicheza."

"Ndiyo, mama. Nisameheni."

"Na aliyekufundisha ni marehemu?"

"Ni yeye."

"Na alisema mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

Akautazama mteremko, akanitazama mimi. "Sasa mbona umekaa hapa?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mwenye shamba, na sahani ya maharage mkononi. Sijui walisemezana nini, kwa sababu Kiingereza cha Mama Pasteur ni cha kuhesabika, lakini alirudi na ruhusa yenye masharti: mara moja tu, akina mama nyuma ya kamba, na kwanza Lerato anifundishe breki. Lerato alinifundisha. Ni jambo jepesi, unasukuma visigino nje na mbao zinakutana kwa mbele kama ncha ya paa. Niliuliza, nitajua vipi ni wakati gani nianze kusukuma? Kabla hajajibu, mke wangu alisema, "Mimi nitamwambia."

"Utasimama wapi?" nikamwuliza.

"Pale mwisho. Nikiinua mkono, unafunga breki. Kuteleza siwezi, lakini mkono naweza kuuinua."

Nikapanda. Upepo ulikuwa unapeperusha kitenge cha kilio kiunoni mwangu, na watu niliowapita walinipisha kwa heshima, au kwa hofu, sijui. Nilikuwa ninaogopa, lakini kurudi chini kwa miguu sikutaka. Nikajiachia. Magoti, macho mbele. Ule upepo tena. Chini kabisa nilimwona mwanamke mmoja mdogo mwenye blanketi mabegani, anakua, anakua, na sikuita mtu. Nilimwangalia yeye tu. Mkono ukainuka. Nikasukuma visigino kwa nguvu zote nilizonazo, theluji ikaruka, mbao zikalia, na nikatulia karibu naye kiasi kwamba ncha za mbao ziligusa viatu vyake.

Nilikuwa wima.

Nikageuza kichwa kumtafuta yaya, nimwambie amezima vizuri. Nyuma yangu palikuwa na alama mbili tu za mbao, zinapanda mpaka juu.

Hapo nikalia. Nililia kama mtoto, nimesimama, nimefungwa mbao, nimevaa kitenge, mbele ya watalii na kondoo. Nikasikia akina mama wanaivuka kamba, lakini Mama Gloire aliinua tena ule mkono, bila hata kugeuka.

"Mwacheni," alisema. "Yuko wima."

Wakaniacha. Na baadaye tulikunywa chai, mwenye shamba naye, na yule mzee wa kahawa.

Kilio tuliondoa Jumamosi iliyofuata, na habari yangu ilikuwa imeshafika kila kona. Tangu siku hiyo habari sifupishi tena, hasa kwa akina mama, na suruali yoyote inayotoka kwenye cherehani yangu inachuchumaa kwanza. Nimeapa pia kwamba mlima wa theluji sitaupanda tena maisha yangu yote. Shida ni kwamba mwenzangu hakuapa. Juzi nilirudi nyumbani nikamkuta na Mama Pasteur wameinamia simu ya Gloire, wanatazama picha za mteremko mwingine, wanajadili kama moto wake uko karibu na viti. Nilifungua mdomo niseme hapana. Mama Gloire akainua mkono, nami nikafunga breki.